Leo Kavaa Nini: Maisha ya Mama Pindo, Fundi Cherehani

Waombolezaji wote mliofika, wazee wetu, mama zetu, wakwe zetu mliokaa upande wa kushoto, majirani wa ghorofa la zamani na wa mtaa wa sasa, na ninyi kina mama mliosafiri tangu jana ambao wengi hapa hawawajui, familia inawashukuru, na inaomba mvumilie, kwa kuwa historia hii ni ndefu kuliko ilivyo kawaida. Kamati ya mazishi ilishauri kwamba miaka mitatu ya maisha ya marehemu irukwe, ili tusiamshe yaliyolala, na ushauri huo ulitolewa kwa nia njema, lakini familia ilikaa, ikazungumza, ikaona kwamba mtu hazikwi vipande vipande.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maegesho ya malori, akiwa mtoto wa pili wa baba aliyekuwa fundi wa mitambo ya kuchapa vitabu na mama aliyekuwa akifua nguo za watu. Kaka yake aliyemtangulia alifariki akiwa mchanga, kwa hiyo marehemu alilelewa kama kifungua mimba, akawabeba mgongoni wadogo zake watatu waliomfuata, mmojawapo akiwa huyu anayewasomea. Mama yetu alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alitoka bila kulia, mkunga akampiga kofi la kwanza na la pili, naye akafumbua macho akamtazama tu, mkunga akasema, "Huyu, mama, hakuja kutupigia kelele, amekuja kutukagua."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akachaguliwa kujiunga na sekondari ya wasichana, akasoma huko miaka miwili, na mwishoni mwa mwaka 1976 akarudi nyumbani baada ya baba kukatwa vidole vitatu na mashine kazini. Hakuna aliyemwambia aache shule. Alirudi likizo, akaona hali ilivyo, shule zilipofunguliwa akaikunja sare yake, akaiweka chini ya godoro la mdogo wake wa kike na kumwambia, "Ikikubana niambie niifungue pindo, nimeacha kitambaa cha kutosha." Mdogo wake huyo aliivaa sare hiyo hadi kidato cha nne.

Januari 1977 alianza kujifunza kazi kwa fundi wa suti aliyekuwa na chumba chini ya ngazi za jengo la benki, mzee ambaye mji mzima ulimwita Bwana Pima Tena, kwa sababu hakuwahi kukata kitambaa kabla ya kupima mara tatu. Hapo ndipo marehemu alipojifunza pindo la kuficha, lile ambalo uzi wake hauonekani ndani wala nje, na hapo ndipo alipopata jina la Pindo, baadaye Mama Pindo. Hapo pia alipata tabia ambayo nawaomba muikumbuke ninapoendelea, kwamba mafundi wa pale walishika pini kwa midomo wakati wa kumpima mteja, na kwa hiyo hawakuzungumza wala kucheka kazini, na marehemu aliizoea hali hiyo mpaka ikawa kila alipopatwa na wasiwasi, hata bila pini, midomo yake ilikazika vivyo hivyo, macho yake yakashuka chini kama anayetafuta pindo lililokaa upande.

Mwaka 1985 aliingia dukani kijana mtangazaji wa mpira wa redio, yule ambaye wote mnamjua kwa jina la Kipaza, akaleta suruali ipunguzwe urefu. Baada ya wiki akairudisha ipunguzwe tena, na baada ya wiki nyingine akairudisha tena, vifundo vya miguu vikiwa nje, mpaka Bwana Pima Tena akaweka mkasi chini na kumwambia, "Kijana, safari ijayo utatoka hapa na kaptula, sema shida yako." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986, wakapanga nyumba ghorofa ya nne, katika lile jengo la njia ndefu ya nje yenye vyuma vya kuzuilia, na wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1988, na mwana aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1993. Haikuwa ndoa ya kusimuliwa kwa nyimbo, wala haikuwa ndoa ya kukimbiwa. Kipaza alipendwa na nchi nzima na alilijua hilo, baada ya mechi alikunywa, akirudi alitaka kulala, na mkewe alikuwa na kazi za watu za kumaliza, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa mlio wa cherehani.

Jumapili tarehe 8 Agosti 1999, saa tatu usiku, waligombana juu ya mlio huohuo. Majirani walimsikia marehemu akisema kwa sauti, "Leo utanikoma, ukitaka kulala kalale redioni!" na maneno hayo aliyasema, hakuyakana popote. Kipaza alitoka nje kuvuta sigara, akaegemea vyuma, vyuma vikaachia, akaanguka hadi uani na kufariki papo hapo. Marehemu alishuka ngazi akiwa na futi ya kupimia shingoni, akapiga magoti, akamfunika mumewe kwa kitambaa cha mteja alichokuwa nacho mkononi, midomo ikiwa imekazika, bila kulia. Uani palikuwa na watu wengi, na kila mmoja alikumbuka hiyo futi, na kila mmoja alikumbuka kwamba hakulia. Siku ya tatu baada ya mazishi alikamatwa, akashtakiwa kwa kuua, watoto wakachukuliwa na mama mkwe, nyumba ikafungwa kwa kufuli la wifi, nguo zake zote zikiwa ndani.

Alikaa mahabusu miaka miwili na nusu kabla kesi haijaanza kusikilizwa, tarehe 4 Februari 2002, na ilipoanza haikuwa tena kesi ya mtu, ilikuwa mali ya umma. Mageti ya mahakama yalifunguliwa saa mbili, foleni ilianza kabla ya mapambazuko. Redio aliyoitumikia marehemu mume wake ilimpeleka mwenzake kuripoti, naye aliripoti kwa mtindo uleule wa mpira, upande wa mashtaka unaongoza, wakili wa utetezi anajaribu kutoka nyuma, jaji anatazama saa, na wasikilizaji walipiga simu jioni kutoa hukumu zao. Mdogo wake marehemu, huyu anayewasomea, alihudhuria kila siku, akakaa benchi la pili, na anachosema hapa alikisikia kwa masikio yake.

Siku alipotoa ushahidi jirani aliyesikia ugomvi, watu walikaa hadi madirishani. Siku alipotoa ushahidi mhandisi wa manispaa, akaeleza kwamba vyuma vile vililiwa na kutu hadi ndani, kwamba kutu ile ilipakwa rangi mpya juu yake miezi michache kabla, na kwamba hata mtoto angeegemea pale vingeachia, mabenchi yalikuwa nusu matupu, mwandishi mmoja alisinzia, na magazeti ya kesho yake yalikuwa na mistari minne juu ya kutu na nusu ukurasa juu ya gauni. Maana swali lililoulizwa nje ya geti, na waliokosa nafasi wakiwauliza waliotoka ndani, halikuwa nini kimesemwa. Mwuza karanga wa pale getini aliuliza, makondakta waliuliza, wanafunzi waliokatisha njia waliuliza, "Leo kavaa nini?"

Na ni kweli alibadilisha. Mjane anayedaiwa kumuua mumewe alipanda kizimbani leo kwa gauni la kijani, kesho la maua, keshokutwa la kola ya lesi, yote yamemkaa kama yaliyokatwa kwa ajili yake, wakati mahabusu wengine katika magazeti huonekana wamechakaa. Wakasema ana bwana anayemletea. Wakasema ni fedha za bima. Wakambatiza Mjane wa Magauni. Halafu ikafika siku ya daktari aliyepasua maiti, siku ya kusomwa majeraha, mama mkwe akilia kwa sauti benchi la mbele, na marehemu akapanda kizimbani kwa gauni la njano, njano ya kuwaka, mikono mirefu, midomo imekazika. Picha hiyo ilichapishwa ukurasa wa kwanza, ikabandikwa saluni, ikabandikwa kwenye vioo vya mabasi, na wapo kati yetu hapa waliokuwa nayo majumbani. Wifi yake alisema redioni, "Mwenye macho haambiwi tazama, mjane gani huyo?" na kusema kweli ni watu wachache sana waliomlaumu wifi kwa maneno hayo.

Haya sasa ndiyo familia iliyokataa kuyaruka. Katika bweni la mahabusu wanawake kulikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda cha pembeni. Mwanamke yeyote aliyeingia na nguo nzuri, au aliyeletewa na ndugu zake, aliiweka humo, ikawa ya wote, na anayekwenda mahakamani siku hiyo alivaa kutoka humo, mwenye shtaka zito akichagua kwanza. Kanuni za gereza zilikataza, nguo ya mtu iliandikwa kwa jina la mwenyewe na haikuruhusiwa kubadilishwa mikono, na sindano ilikuwa kosa la kunyimwa wageni. Marehemu alificha sindano ndani ya kipande cha sabuni, akachomoa uzi kwenye pindo la blanketi, na akawa fundi wa bweni. Nguo ya mnene aliikunja ikamtosha mwembamba, ya mfupi akaiteremsha, na jioni aliyeivaa akirudi, marehemu aliifumua irudi ilivyokuwa, kwa sababu kesho ilikuwa zamu ya mwingine. Kwa miaka mitatu hakuna mwanamke wa bweni lile aliyesimama mbele ya jaji na nguo iliyochanika. Walikuwa wakimtania asubuhi akipanda gari, "Haya Fundi, nenda ukawape waandishi riziki!" naye alikuwa akicheka, maana humo ndani, wenzake wanasema, alikuwa akicheka sana.

Gauni la njano lilikuwa la binti waliyemwita Kifaranga, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Marehemu alilichagua siku ile kwa sababu lilikuwa na mikono mirefu kuliko nguo zote za sandukuni, na mikono yake yeye, kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko, ilikuwa imejaa vidonda vya upele wa gerezani, na hakutaka kujikuna mbele ya mama mkwe wake daktari anaposoma namna mwanawe alivyokufa. Hiyo ndiyo sababu yote. Hakuna nyingine.

Wakili wake alipoona ile picha alikwenda mahabusu mbio, akamwomba aeleze nguo zinatoka wapi. Alimwambia, "Mama, nipe maneno mawili tu niwape waandishi, huko nje wanakuchinja." Marehemu alimwuliza, "Jaji naye anahukumu gauni?" Wakili akasema hapana, jaji ana ushahidi. Marehemu akamjibu, "Basi waandishi waache. Nikisema, kesho askari watapekua bweni, sanduku litakwenda, sindano itakwenda, na Kifaranga ana kesi Jumanne." Wakili alimwambia kwamba mtu anaweza kushinda mahakamani na akashindwa barabarani, na kwamba ana watoto. Hapo, wakili anasema, marehemu alimjibu, "Watoto wangu watakua, watauliza, nitawajibu. Wale wa bweni hawana muda wa kusubiri mtu akue." Akaendelea kupanda kizimbani na magauni ya sandukuni mpaka shahidi wa mwisho.

Ijumaa tarehe 22 Novemba 2002 jaji alisoma hukumu tangu asubuhi hadi mchana, akaeleza habari ya kutu, ya rangi, ya pembe ya kuanguka, akasema kwamba ugomvi wa mke na mume si ushahidi wa kuua, na kwamba upande wa mashtaka haukuleta chochote cha kumweka marehemu nje ya mlango wakati vyuma vinaachia, akamwachia huru. Nje watu walizomea. Mtangazaji wa redio alisema mechi imeisha kwa matokeo ya kushangaza, na jioni ile wapiga simu walisema jaji amenunuliwa. Hakuna aliyerudi kuuliza jaji alisema nini kwa saa zote zile. Waliuliza siku hiyo alitoka amevaa nini, na jibu ni kwamba alitoka na sare ya mahabusu, kwa sababu asubuhi ile magauni yote aliyaacha bwenini.

Baada ya hapo marehemu aliishi miaka ishirini na nusu, na mingi ilikuwa migumu. Wateja wake wa zamani walituma watoto kuchukua vitambaa vyao. Alipanga chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga, akashona sare za shule kwa jumla kupitia mtu mwingine, ili wazazi wasijue nani kashona. Binti yake alimrudia akiwa na miaka kumi na sita, akaishi naye, na ndiye aliyemwuguza hadi mwisho. Mwana alibaki kwa bibi yake. Mwaka 2012, akiwa na miaka kumi na tisa, alikuja peke yake, akasimama mlangoni bila kukaa, akamwuliza mama yake jambo moja, "Kwa nini ulivaa njano?" Marehemu alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja, akazichoma kwenye mto wa pini. Sanduku lilikuwa bado lipo siku hiyo, Kifaranga mwenyewe alikuwa akipeleka nguo kila mwezi kwa mkono wa askari mmoja mwenye huruma, na kijana alikuwa akiishi nyumba moja na shangazi yake, yule wifi aliyezoea kuzungumza redioni. Marehemu akamjibu, "Lilikuwa na mikono mirefu." Mwana aliona anachezewa akili, akaondoka, hakurudi tena. Marehemu aliirudia cherehani, akamaliza sketi aliyokuwa nayo, na usiku alimwambia mdogo wake kwamba amemjibu kweli mwanawe, ila kweli yenyewe ilikuwa fupi mno.

Mwaka 2019 mkuu mpya wa gereza lile aliruhusu sanduku liwepo waziwazi, likawekewa na kufuli na jina, na cherehani ya mkono ikaletwa. Kwa hiyo hakuna mtu atakayeumia kwa yaliyosomwa hapa leo, na kama angekuwepo wa kuumia, yasingesomwa. Mdogo wake alimwambia sasa amtafute mwana amweleze yote. Alisema, "Nimweleze nikiwa nimekaa wapi? Nimechelewa, na kumwendea mtu mzima mlangoni na maneno ya miaka ishirini ni kumwomba aniamini kwa kunionea huruma."

Ugonjwa wake ulianza mwezi Septemba 2022 kwa maumivu ya koo, akadhani ni vumbi la vitambaa, na mwezi Desemba madaktari wakathibitisha kuwa ni saratani. Alipata mionzi, akapata nafuu ya muda mfupi, na mwezi Aprili 2023 akawekewa mrija shingoni, hakuweza tena kusema. Ndipo Kifaranga, ambaye leo ni mama mwenye duka la jumla, alipokwenda bila kumwomba mtu ruhusa hadi kazini kwa yule mwana, kwenye karakana ya mita za maji, akamwambia, "Mwanangu, lile gauni la njano lilikuwa langu, na mimi nina maneno marefu kidogo, kama una nafasi." Wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wenzake wakaendelea na kazi, mpaka kengele ya chakula.

Mwana alikuja wodini Jumapili iliyofuata. Hakuuliza kitu, kwa kuwa hakukuwa na wa kujibu, na marehemu hakuwa na nguvu ya kushika kalamu. Alimtazama mama yake muda mrefu, kisha akaenda kumwomba muuguzi mkasi mdogo, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kumkata kucha. Alirudi kila jioni baada ya kazi. Hatujui kama iliwatosha. Familia haitasema iliwatosha, kwa sababu haikuwepo ndani ya vifua vyao, na miaka ile haiwezi kurudi.

Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 3 Juni 2023, alfajiri, katika hospitali ya rufaa, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na wadogo zake watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya koo na masikio, na hasa yule muuguzi wa zamu ya usiku aliyezoea kumsemesha ingawa hakuweza kujibu. Inawashukuru majirani wa kinuni waliomletea maji chumbani alipodhoofika, na mafundi wa mtaa waliomaliza sare zilizobaki ili watoto wa watu wasikose nguo muhula ulipofunguliwa. Inamshukuru wakili wake, ambaye hakuwahi kudai sifa ya kesi ile. Inawashukuru kina mama wa bweni, na inawaomba wenyeji wawapishe nafasi ya mbele. Mama mkwe wake, ambaye umri umemzuia kusimama, amekuja, na hilo pia familia imeliona na inalishukuru.

Mwisho ni tangazo. Ratiba inasema kutakuwa na kuaga mwili, watu wapite mmoja mmoja, na pale nje wapo waandishi wawili na kijana mwenye kamera ambao wameomba kwa adabu. Hakutakuwa na kuaga. Jeneza limefungwa na halitafunguliwa. Wanawe wote wawili walikwisha kumwona asubuhi, mlango ukiwa umefungwa, na yaliyosemwa humo ni yao. Marehemu aliliomba jambo hili mwenyewe, mwezi Machi, alipokuwa bado na sauti, akasema ametazamwa vya kutosha.

Pumzika, dada yetu, kwa amani uliyonyimwa.